Dar hadi Matema kwa Gari Lako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukweni kwangu ni Kyela. Kila ikikaribia likizo ya Juni au ya Desemba lazima kuna ndugu, jirani au mfanyakazi mwenzangu atakayepiga simu: "Kaka, tunataka kwenda Matema na gari letu, tunapangaje?" Nimechoka kurudia yale yale, nimeyaandika. Njia ni ile ya Tanzam: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole. Pale Uyole unaiacha barabara ya Zambia na kukata kushoto kwenda Tukuyu, Kyela na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Ni kilomita ngapi, na nizigawe kwa siku ngapi?

Dar hadi Uyole ni kama kilomita 825, kisha ongeza kama 140 mpaka ufike kwenye mchanga wa Matema. Ukishazijua, zisahau. Kwenye barabara hii usihesabu kilomita, hesabu saa za mwanga. Mchana wetu una saa kumi na mbili. Toa kula, toa kuchimba dawa (kwenda haja), toa foleni ya malori kwenye mizani, unabaki na saa tisa au kumi za kuendesha. Na hata kama mshale unagusa 100 mara kwa mara, wastani wako ukifika jioni utakuwa kilomita 55 au 60 kwa saa, kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50, na kila kibao kina matuta yake.

Kwa hiyo madereva wawili wanaopokezana, bila watoto wadogo, wanaweza siku tatu: Dar hadi Iringa (kama kilomita 500, na hiyo ndiyo siku ngumu), Iringa hadi Tukuyu, halafu asubuhi moja fupi kushuka Matema. Familia yenye watoto ichukue siku nne: Dar hadi Mikumi, Mikumi hadi Mafinga, Mafinga hadi Tukuyu, Tukuyu hadi ziwani. Siku ya nne unaendesha saa mbili tu, na saa nne asubuhi mmeshaingia majini.

Wapo wanaoikata yote kwa siku moja na nusu. Nawajua. Wakifika wanalala siku mbili, wakiamka likizo imeisha.

Kwa nini Mikumi, isiwe Morogoro? Morogoro ndiyo kuna hoteli nyingi.

Ni kweli, na ukichelewa kutoka Dar lala Morogoro bila kuona aibu. Ila Mikumi ina faida mbili. Ukitoka Dar alfajiri, unapita hifadhini asubuhi jua halijawa kali, wanyama wanasogea karibu na barabara na watoto wanasahau kuuliza "tumefika?" Faida ya pili, na kwangu ndiyo kubwa: kesho yake unaufikia mlima Kitonga, ule wa kabla ya Iringa, asubuhi, injini ikiwa na nguvu zake na wewe ukiwa na akili zako. Kitonga ya saa kumi jioni, ukiwa na saa kumi za usukani mgongoni, siyo Kitonga ya asubuhi.

Niondoke Dar saa ngapi?

Saa 10 alfajiri uwe umeshapita Kibaha. Kutoka Kimara mpaka Kibaha barabara ni pana, njia nane, inakudanganya kwamba safari yote itakuwa hivyo. Ikishakwisha unarudi kwenye njia moja kwenda na moja kurudi, pamoja na malori yote yanayotoka bandarini. Ukiondoka saa 12 asubuhi unatoka pamoja na mabasi ya mikoani, na hapo Mlandizi hadi Chalinze utaisoma namba.

Wakati unapita Msamvu, Morogoro, tazama malori yanavyogawana. Ya Rwanda na Burundi yanakata kulia kwenda Dodoma. Ya Zambia, Malawi na shaba ya Congo utaendelea nayo wewe mpaka mwisho. Yazoee mapema.

Mafuta yatanigharimu kiasi gani?

Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya Kyela, weka kilomita 2,100. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 12 litataka lita 175. Ongeza kidogo kwa ajili ya milima, kiyoyozi na kutambaa nyuma ya semi, fanya 200. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, ambayo hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Jaza tanki Dar, kwa sababu kadiri unavyoiacha bandari ndivyo nauli ya lori la mafuta inavyoongezeka kwenye bei ya lita. Sheli zipo kila mji, usibebe madumu. Mimi sikubali tu kuingia hifadhini wala kuanza Kitonga nikiwa chini ya nusu tanki.

Gari likaguliwe nini kabla ya kuondoka?

Kila mtu anakwambia oili, maji na breki. Sawa, fanya hayo wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari, maana fundi akigusa kitu unataka muda wa kugundua alichoharibu.

Mimi nakwambia matairi. Magari yetu mengi yametoka Japani yamekwishatumika, na tairi linaweza kuwa na kashata (meno) nzuri huku mpira wake umezeeka. Ubavuni tafuta herufi DOT; mwishoni kuna tarakimu nne. Ukikuta 2319, hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta mwaka ambao mtoto wako wa sekondari alikuwa anaanza chekechea, usilipeleke Iringa. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibati cha mlango wa dereva, na tairi la akiba lipimwe pia. Kama la akiba ni lile jembamba la dharura, limeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa. Ni la kukufikisha gereji, si la kukufikisha Matema.

Halafu jaribu kufungua nati mwenyewe, nyumbani. Hili nililipia. Gereji moja Dar walinibadilishia matairi, wakakaza nati kwa mashine ya upepo. Pancha ikanikuta Ruaha Mbuyuni saa 7 mchana, bonde lile lina joto la tanuri, watoto wako chini ya mbuyu. Spana iliyokuja na gari ni fupi kama mwiko. Nikaisimamia kwa miguu miwili, haikutikisika. Muuza vitunguu mmoja alikuwa ananitazama tu. Mwishoni akaacha ndoo zake, akazunguka nyuma ya banda, akarudi na bomba la chuma refu kama mkono, akalivisha kwenye mpini wa spana na kuegemea kwa kiganja kimoja. Nati ikalia kwii, ikaachia. Nikampa hela akakataa. "Nunua kitunguu, bosi." Nilinunua debe zima, likanuka kwenye gari mpaka Tukuyu. Siku hizi nikitoka gereji nazilegeza nati zote na kuzikaza upya kwa mkono, na bomba langu linakaa chini ya zulia la buti.

Vingine ni vya trafiki na vya kujiokoa: pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, jeki, tochi, maji lita tano yasiyo ya kunywa.

Gari langu ni la cc 1000. Litapanda Kitonga?

Litapanda. Kila siku Vitz na Passo zinapanda. Zima kiyoyozi, toa gia kwenye D uweke L au 2, panda taratibu bila kubanana na lori la mbele. Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Nyekundu ikiwaka, tafuta mahali pana pa kuegesha, zima injini, inua boneti na subiri. Nusu saa au zaidi. Usiguse mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Maji yaliyo ndani yana presha na yatakurukia usoni.

Kushuka, wakati wa kurudi, ndiko kunakoogopesha zaidi. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Anayeshuka kwa D huku amekanyaga breki mlima mzima atasikia harufu kama ya plastiki inayoungua; hizo ni breki zake, na zikishapata moto kupita kiasi unakanyaga na gari haliitiki. Acha nafasi kubwa na lori la mbele, na nafasi kubwa zaidi na la nyuma.

Nikipita Mikumi nalipa?

Kupita kwenye barabara kuu hulipi. Kipande cha hifadhini ni kama kilomita 50, kina vibao vyake vya mwendo na matuta, na ukigonga mnyama unalipa: kuna bango kabisa lenye bei ya kila mmoja, na ni kwa dola. Usiteremke kwenye gari, usiwarushie nyani ndizi hata watoto wakilia. Tembo akiwa barabarani, zima muziki, simama mbali, mwache amalize mambo yake.

Trafiki na tochi (kamera ya kupima mwendo) je?

Heshimu 50 inapoanza mpaka kibao kinachoiondoa. Kosa la wengi ni kuongeza mwendo wakiona nyumba zimekwisha, kumbe kibao cha kuondoa 50 kiko mita mia tatu mbele, na afande wa tochi amekaa chini ya mwembe katikati ya hapo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Kabla ya safari angalia kama gari lina deni la zamani, hasa kama umelinunua kwa mtu. Deni la mwenye gari wa kwanza litakusimamisha wewe.

Salamu nzuri, leseni mkononi, na usijibu swali ambalo hujaulizwa. Wengi wanakuuliza unakotoka na unakokwenda, wanakutakia safari njema.

Nitawezaje kuyapita malori yote hayo?

Huwezi kuyapita yote na huna haja. Ukilipita moja utalikuta jingine mbele, tena limekaa nyuma ya jingine. Jifunze lugha yao. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, dereva anakwambia njia nyeupe. Akiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Ni ukarimu wa kweli, lakini usiuamini kwa macho yaliyofumbwa: kushoto inawezekana anataka kuegesha tu. Yeye anakupa taarifa, uamuzi ni wako.

Ukiona matawi mabichi yamelazwa lamini, moja, halafu jingine hatua chache mbele, punguza mwendo hapo hapo. Mbele kuna gari limeharibika, mara nyingi kwenye kona. Majani ndiyo pembetatu ya barabara hii, na yanaheshimika kuliko pembetatu. Ya jana hayaondolewi, kwa hiyo wakati mwingine utapunguza mwendo bure. Punguza tu.

Na wale wanaopita kwa msafara, magari mapya bila namba za kawaida, ni ya IT, yaani ya kupita tu nchini, yanapelekwa Zambia na Congo. Wapishe. Wana haraka ambayo wewe huna.

Naweza kuendesha usiku ili niokoe muda?

Mimi siendeshi, na ndiyo maana mpango wote umejengwa juu ya jua. Zile saa mbili au tatu za alfajiri ya Dar ni za lazima; jioni sina mjadala, saa 12 gari liwe ndani ya geti. Lori lililoharibika bila taa, ng'ombe, baiskeli ya mkaa, mtu aliyevaa nguo nyeusi: mchana vyote hivi ni vitu vya kawaida tu. Tangu mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, barabara haipoi kama zamani.

Watoto wanatapika. Nifanyeje?

Chai kavu na mkate asubuhi, siyo maziwa. Simu na katuni wasipewe kwenye kona za bonde la Ruaha wala kutoka Uyole hadi Tukuyu. Mifuko iwe mlangoni, siyo kwenye buti, na nguo moja ya kubadili iwe juu ya mizigo. Tangawizi mbichi ya kutafuna inasaidia wanaoikubali. Na wafunge mikanda, hata wa nyuma, hata wakisema inawabana.

Kuchimba dawa?

Simameni sheli au kwenye migahawa ya mabasi. Hifadhini hapana kabisa. Wanawake wa safari zangu wamenifundisha kubeba khanga ya ziada na karatasi.

Tule nini njiani, na tununue nini?

Dereva asile ugali wa mchana. Usingizi wa ugali na jua la bondeni vimepindua magari mengi kuliko pombe, hayo ni maoni yangu. Supu na chapati asubuhi, matunda mchana, chakula cha nguvu jioni mkishaegesha.

Kununua, nunua mnaporudi. Hili watu hawalifikirii: anafika Ilula anajaza nyanya, kisha anazisafirisha kilomita mia tano kwenda mahali kulikojaa nyanya. Wakati wa kurudi mambo yamejipanga yenyewe: mchele na kakao Kyela, ndizi, parachichi na majani ya chai Tukuyu, viazi Uyole, halafu nyanya na vitunguu Ilula na Ruaha Mbuyuni, mwishoni kabisa, ili vifike Dar vikiwa hai. Kuna vyungu vya Wakisi pale Matema, vyembamba na vizuri mno. Vifunge kwenye shuka na uvipakate, usiviweke chini ya mchele.

Malazi tuyapate vipi?

Piga simu siku mbili kabla, siyo mwezi kabla. Ulizia vitu vitatu: geti na mlinzi wa usiku, maji ya moto, na kama wanaruhusu kuondoka saa 12 asubuhi bila kumtafuta mwenye funguo kijiji kizima. Beba kitambulisho, utaandikwa kwenye kitabu cha wageni. Mikumi na Matema hakikisha kuna neti, malaria ipo.

Kuna baridi kweli, au watu wanatutisha?

Ukiwa Dar mwezi wa saba huwezi kuamini. Mafinga na Makambako Juni hadi Agosti ni koti, soksi na kofia ya mtoto, na asubuhi ukungu unaweza kuwa mzito kiasi kwamba huoni lori mpaka ulione liko usoni pako. Subiri. Kunywa chai ya pili. Ukungu ukipanda saa 3, umepoteza saa chache tu, na kwenye mpango wa siku nne saa hizo unazo.

Nikibaki Iringa nusu siku, nione nini?

Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, upande ule ule unaoelekea Mbeya: nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale zilizolala pale pale walipoziacha. Nendeni asubuhi, mchana hakuna kivuli. Au Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilipo fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Watoto wangu walikaa kimya mbele ya lile fuvu, na hawakukaa kimya popote pengine safari nzima.

Kipande cha Uyole hadi Matema kikoje?

Hiki ndicho kizuri kuliko vyote. Unapanda kwenye baridi ya Isyonje, unateremka pembeni ya mlima Rungwe katikati ya migomba na mashamba ya chai, na kila kilomita kumi unavua nguo moja. Mvua ya Tukuyu haina ratiba, hasa Machi hadi Mei. Lami ikilowa kona zinateleza. Kiwira kuna njia ya kwenda Daraja la Mungu, jiwe lililojipinda juu ya mto. Ukifika chini Kyela joto linakupokea kama la Dar. Kisha Ipinda, mashamba ya mpunga, na ghafla milima ya Livingstone imesimama wima na ziwa liko miguuni pake.

Kabla ya kuingia majini ulizeni wenyeji. Midomo ya mito ina mamba, na Ziwa Nyasa lina sehemu zenye kichocho.

Turudi kwa njia ile ile?

Kama mna siku ya ziada, kateni Iringa mwende Dodoma kupitia Mtera. Ni lami, malori ni machache mno, na mnapita pembeni ya bwawa. Kisha Dodoma hadi Morogoro. Inaongeza kama kilomita 200, na inakukwepesha kushuka Kitonga. Ila nyanya za Ilula nunueni kabla hamjachepuka: ni kilomita 45 hivi mbele ya Iringa, kwenda na kurudi saa moja na nusu. Mke wangu anasema inafaa. Mimi nasema nyanya zipo na Dodoma.

Gari likiharibika mahali pasipo na mtandao?

Sukumeni litoke lamini, abiria wote washuke na wakae mbali na barabara, siyo nyuma ya gari. Pembetatu hatua mia nyuma. Kama kuna kona, iwe kabla ya kona. Ongeza majani. Kisha simamisha basi, mpe kondakta ujumbe na namba ya simu. Mji unaofuata atakupigia fundi, na mara nyingi anamjua kwa jina. Kwenye mtandao, polisi ni 112 na zimamoto ni 114.

Tukifika Kyela tunaweza kupita ukweni kwako?

Piteni. Mtasalimiwa "Ugonile" kabla hamjazima injini. Njooni na sukari na sabuni, na msiwe mmekula, kwa sababu wali mtakaowekewa mezani hauruhusiwi kubaki.